Deni la Jibu: Maneno na Hoja katika Malezi ya Mtoto

Bibi na mjukuu wake wanarudi nyumbani usiku wa mbalamwezi kutoka kwenye arusi ya jirani. Njia inapita kati ya mashamba ya mihogo, na minazi imesimama pande zote mbili. Mtoto, ambaye hajatimiza miaka sita, anautazama mwezi, anapiga hatua kadhaa, anautazama tena, kisha anauliza: "Bibi, kwa nini mwezi unatufuata?"

Swali ni dogo, na yamkini kila mmoja wetu aliwahi kuliuliza. Hata hivyo, mara tu linapotamkwa, yule bibi amekwisha kuingia katika jambo zito la malezi, atake asitake. Aweza kumwambia mtoto anyamaze, aangalie njia. Aweza kumwambia kwamba mwezi huwafuata watoto watundu ili ukawashitaki kwa baba zao. Iko pia njia ya tatu, nayo tutaieleza kabla ya kumaliza insha hii. Kwa sasa twataka kuuliza: je, mtu mzima anadaiwa jibu na mtoto? Na ikiwa anadaiwa, deni hilo hulipwaje?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la walimu wa madarasa ya awali, wala si la kuwekwa katika kitabu cha utamaduni. Sisi hatuoni hivyo. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alipotangaza kuunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa lolote. Mara nyingi tumelichukua wazo hilo kana kwamba lahusu ngoma, mavazi, vinyago na nyimbo tu. Lakini namna watu wanavyoipima habari, wanavyobishana bila kugombana, wanavyotofautisha jambo lililothibitishwa na jambo lililosemwa tu, hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni wao, tena sehemu ya ndani kabisa. Na sehemu hiyo haianzi Chuo Kikuu. Huanzia jikoni, uani na njiani, katika maneno ya kwanza ambayo mtoto hupewa, na katika sababu za kwanza ambazo hupewa au hunyimwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kumwongezea mtoto msamiati ni kama kutia punje katika kibaba: leo tatu, kesho nne, mpaka kijae. Kwa fikira hiyo mtoto huorodheshewa majina ya wanyama, ya matunda na ya viungo vya mwili, akayakariri, nasi tukaridhika. Orodha si kitu kibaya. Lakini lugha ni kama mti, na maneno yake huchipuka moja kutoka kwa jingine. Mtoto anayejua kusoma aweza kuonyeshwa msomaji, somo, usomaji, kusomesha na kusomeka. Hapo hakupewa maneno matano tu, bali amepewa njia ya kuyafikia mengine mengi ambayo hajawahi kuyasikia. Siku akikutana na mshonaji au mchongaji, hatangoja kuambiwa maana yake. Atajiambia mwenyewe, mradi ajue kushona na kuchonga.

Jambo hili twaweza kuliona katika makosa ya watoto, ambayo aghalabu yana akili kuliko tunavyodhani. Mtoto huwasikia wakubwa wakisema kufunga mlango na kuufungua, kukunja mkeka na kuukunjua, kuziba chupa na kuizibua. Hakufundishwa na mtu kwamba mwisho ule wa -ua katika vitenzi hivi hulitangua tendo lililotangulia, amelitambua mwenyewe. Basi jioni moja, wakati wa kulala umefika na taa ingali inawaka, anasema: "Mama, washua taa." Ndugu zake wanaangua kicheko, kwa kuwa Kiswahili hakina kuwashua taa, kina kuzima. Lakini tujiulize, mtoto huyu amekosa nini? Amechukua mifano mitatu, akaona mahali inapolingana, akaunda kanuni, kisha akaijaribu mahali papya. Mtaalamu katika maabara hafanyi kinyume cha hayo. Alilokosa ni kujua kwamba lugha ina desturi zake ambazo hazifuati kanuni kila mara.

Mama mwenye busara atamwambia: "Umefikiri vizuri, mwanangu; lakini taa huzimwa." Kwa maneno hayo machache amemlipa mtoto mara mbili: amempa neno asilokuwa nalo, na ameiheshimu hoja iliyomfikisha pale. Anayecheka tu amesahihisha neno moja na kuvunja moyo wa kufikiri. Kesho mtoto huyo atangoja kulisikia neno kwa mwingine kabla ya kuthubutu kulisema.

Yako pia maneno yaliyobeba sababu zake tumboni. Ufunguo hufungua, kizibo huziba, ufagio hufagia, kipepeo hupepea. Kifaurongo, yule mdudu ambaye akiguswa hujikausha kama mfu, ameshitakiwa na jina lake mwenyewe. Pembetatu ni umbo la pembe tatu, na mtoto anayejua pembe na kujua kuhesabu hadi tatu amekwisha kupata maelezo yake yote kabla mwalimu hajachora mstari. Lakini maneno haya hubaki bubu iwapo hakuna anayeyasemesha. Mwalimu aliyeandika "pembetatu" ubaoni na kuamuru darasa lirudie mara kumi amefundisha sauti. Mwalimu aliyeliandika neno hilo hilo na kuuliza, "Mnadhani kwa nini limeitwa hivyo?" amefundisha hesabu, lugha na kufikiri kwa wakati mmoja, wala hakutumia chaki zaidi ya mwenziwe.

Mwisho kuna maneno madogo kabisa ambayo hayaonyeshwi kwa kidole: kila, baadhi, wote, wala, ila, ikiwa, basi, ingawa, huenda, kwa sababu. Hakuna picha ya "ingawa" inayobandikwa katika ukuta wa darasa, wala hakuna mtoto aletewaye "baadhi" kutoka sokoni. Hata hivyo maneno haya ndiyo kamba zinazofunga fito za hoja. Pasipo hayo, majina na vitenzi ni miti iliyolazwa chini, haijawa nyumba. Tuchukue mfano mwepesi. Tukimwambia mtoto, "Kila mbuzi ni mnyama," atakubali. Tukimgeuzia, "Basi kila mnyama ni mbuzi," atacheka, kwa sababu anamjua paka, anamjua na ng'ombe. Kicheko hicho ni ushindi mkubwa wa akili. Maana yake ni kwamba ameona, ingawa hawezi kueleza, kuwa sentensi yenye "kila" haigeuzwi nyuma mbele ikabaki kweli. Twamwomba msomaji aushike mfano huu wa mbuzi, kwani tutaurudia mahali ambapo hapana kicheko.

Wazee wetu hawakuwa na somo lililoitwa mantiki, lakini walikuwa na darasa lake. Jioni, baada ya kazi, mmoja husema, "Kitendawili!" na wenzake hujibu, "Tega!" Lugha yenyewe inatufundisha hapa: kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa, kama vile mlango ufungwavyo ukafunguliwa. Mchezo huu si mali ya Waswahili wa pwani peke yao. Wasukuma, Wahaya, Wachaga, Wamakonde na watu wengine wa nchi yetu wanao, kila mmoja kwa lugha yake na kwa desturi yake ya kufungulia. Kwa hiyo mtoto anayefika shuleni kwa mara ya kwanza akiwa na Kiswahili kidogo haji mtupu. Amekwisha kufunzwa kufikiri katika lugha ya mama yake, na kazi ya mwalimu ni kuyapatia maneno mapya yale anayoyaweza tayari.

Tuutazame mmoja tu, unaojulikana na wote: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu la desturi ni yai. Ili kulifikia, mtoto hana budi kuyashika masharti mawili kwa pamoja: kitu hicho kiwe nyumba, na kisiwe na mlango. Akisema "jiwe," wenzake watampinga: jiwe halina mlango, kweli, lakini nani amo ndani? Akisema "chungu," watampinga tena: chungu kina mdomo, na mdomo ndio mlango wake. Kila jibu hupimwa kwa masharti, hukataliwa kwa sababu, na aliyekataliwa hujifunza jambo kutokana na kukataliwa kwake. Hatimaye mmoja akumbuka kifaranga, ambaye ana kuta pande zote na hutoka kwa kuivunja nyumba yake.

Lakini ikitokea mtoto mmoja akasema "kaburi," tufanyeje? Ni nyumba ya marehemu, wala haina mlango. Jibu hili halimo katika orodha ya mtegaji, lakini masharti yote limeyatimiza. Hapa ndipo uadilifu wa mtu mzima unapojaribiwa. Mtegaji akisema, "Hapana, ni yai, kwa sababu mimi nimesema ni yai," amegeuza mchezo wa akili kuwa mchezo wa mabavu. Akisema, "Nilikusudia yai, lakini jibu lako nalo limesimama," amewafundisha watoto wote waliozunguka pale kwamba ukweli una nguvu kuliko cheo cha anayeuliza. Walimu wanaosahihisha madaftari usiku, wenye majibu ya kitabu mkononi, wanalijua jaribio hili vizuri.

Desturi ya vitendawili ina jambo jingine, nalo ndilo kiini cha insha hii. Waliotegewa wakishindwa kabisa, mtegaji husema, "Nipeni mji." Nao humpa mji, humtajia mji wowote waujuao, naye huupokea kwa mbwembwe, kisha hulazimika kulitoa jibu. Tuyaangalie mapatano yaliyomo hapa. Asiyejua hukiri wazi kwamba hajui, na kukiri huko si aibu; ni malipo ya heshima, tena makubwa, mji mzima. Na mwenye kujua, akishapokea mji, hana ruhusa ya kuondoka na jibu lake. Anadaiwa. Hakuna mtoto wala mzee aliyekubali kutoa mji akanyimwa jibu. Basi ikiwa katika mchezo wazee wetu waliona kwamba swali huzaa deni, itakuwaje tulikane deni hilo katika maisha yenyewe?

Mafunzo ya hoja hayakuishia kwenye vitendawili. Zanzibar, na mahali pengine barani Afrika, husimuliwa kisa cha mtu aliyetaka kuvuka maji akiwa na chui, mbuzi na majani. Chombo chake ni kidogo, hakichukui ila yeye na kimoja kati ya vitu vyake. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avukeje? Watoto huanza upesi: ampeleke mbuzi kwanza. Kweli. Arudi, amchukue chui. Hapo hukwama, kwani akimwacha chui ng'ambo pamoja na mbuzi, hasara imerudi. Ufumbuzi wataka jambo ambalo akili ya haraka hulichukia: akimfikisha chui, amrudishe mbuzi alikotoka, amwache huko, apeleke majani, kisha arudi kumchukua mbuzi kwa mara ya pili. Jumla ni safari saba, nne za kwenda na tatu za kurudi.

Kisa cha namna hii kimeandikwa Ulaya pia kwa zaidi ya miaka 1000, kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Maana akili haina kabila wala rangi. Na funzo lake kwa mtoto ni kwamba hoja njema si ile inayokwenda mbele siku zote. Wakati mwingine kumrudisha mbuzi ndiko kusonga mbele.

Sasa tukabili pingamizi, kwa kuwa lipo na halipaswi kudharauliwa. Wazazi wengi wema watasema: mtoto akipewa sababu ya kila jambo atakuwa mbishi, atamuuliza baba "kwa nini" mbele ya wageni, heshima itavunjika, na pamoja nayo nyumba. Wahenga wenyewe wamesema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, hatuli mizizi ya mti tunaoutaka utupe kivuli?

Twakubali kwamba yako maagizo yanayotakiwa kutiiwa kabla ya kuelezwa. Mama akipiga ukelele, "Rudi nyuma!" kwa kuwa ameona nyoka, si wakati wa mjadala. Lakini hata hapo, mtoto akisharudi, kuna nafasi ya kumwambia, "Tazama, ni kwa sababu ya yule." Sababu imechelewa, haikufutwa. Twakubali vilevile kwamba kuna adabu ya kuuliza, nayo hufundishwa: kungoja mkubwa amalize kusema, kuomba ruhusa, kuchagua maneno. Lakini kumfundisha mtoto namna ya kuuliza ni kinyume kabisa cha kumkataza asiulize. Anayechanganya heshima na ukimya amekosea kama yule aliyechanganya mnyama na mbuzi: kila mwenye heshima hunyamaza mahali fulani, lakini si kila anyamazaye ana heshima. Wengine wananyamaza kwa hofu, wengine kwa kukata tamaa.

Tena tuisikilize vizuri methali yenyewe. Haikusema, "Msikilize mkuu," ikaishia hapo. Imesema utavunjika guu. Imetoa sababu! Wahenga, waliokuwa na mamlaka yote ya umri, waliona ni wajibu wao kumwonyesha kijana matokeo ya tendo lake na kumwachia apime. Na hawakumpa methali moja tu. Walimwambia haraka haraka haina baraka, wakamwambia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mgeni aweza kusema kwamba wahenga wetu walijipinga. Sivyo. Waliacha makusudi kazi moja ifanywe na msikilizaji: kuamua ni lini hali yataka methali ya kwanza na ni lini yataka ya pili. Mtoto aliyekariri zote mbili bila kufundishwa kuamua ana maneno, lakini hana hekima.

Tulisema tutaurudia mfano wa mbuzi. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa, hasa mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya 1970 wazee wengi, na zaidi wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Sababu za mauaji hayo zilikuwa nyingi, zikiwemo ugomvi wa mashamba na mali, vifo vya watoto visivyoelezeka, na ramli za waganga. Lakini mara nyingi alama iliyotajwa kuwa ushahidi ilikuwa moja: macho mekundu. Wachawi, ilisemwa, wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Basi bibi huyu ni mchawi.

Tuliweke kando swali la uchawi wenyewe, tuitazame hoja peke yake. Hata mtu akiikubali sentensi ya kwanza, ya tatu haifuati. Ni ile ile ya mbuzi na mnyama, imegeuzwa nyuma mbele. Tofauti ni kwamba mwisho wake si kicheko cha watoto, bali panga usiku. Na aliyeuliza "kwa nini macho yake ni mekundu?" angalipata jibu bila kwenda mbali. Mwanamke aliyepika miaka 40 au 50 katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na kwa samadi kavu, huwa na macho mekundu kwa moshi. Macho yale yalikuwa ushahidi wa milo aliyowapikia watu wa nyumba yake, pengine na wale waliokuja kumshitaki.

Hatusemi kwamba vitendawili peke yake vingaliwaokoa wazee wale. Kulihitajika sheria, polisi, mahakama, ardhi yenye haki na majiko yasiyo na moshi. Twasema tu kwamba umati unaokubali "basi" isiyofuata haukuzaliwa siku ya mauaji. Ulilelewa, mtoto mmoja mmoja, kila aliponyamazishwa alipouliza "umejuaje?"

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na kila nyumba. Mtoto aliyefunzwa kuwa mkubwa hakosei wala haulizwi hana neno la kusema siku mkubwa mmoja atakapomtendea uovu. Msamiati mdogo humnyima jina la tendo. Utiifu usio na sababu humnyima haki ya kulitaja. Twataka watoto wetu wawe na vyote viwili: neno, na uhakika kwamba neno lao litasikilizwa.

Je, shule imefanya nini? Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa elimu yetu lazima imjenge raia mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine na kuyakubali au kuyakataa yao kwa kupima, na anayejiamini. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha kuwaingiza shuleni watoto wote. Hizo zilikuwa hatua kubwa: mtoto wa mkulima alipewa darasa, na darasa likapewa lugha anayoweza kuulizia swali. Lakini lugha ya kuulizia maswali haiulizi maswali yenyewe. Katika madarasa mengi, yenye watoto 60 au zaidi, bado twasikia, "Mmeelewa?" na sauti moja ikijibu, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti hiyo ni nzuri kama kwaya, lakini haituambii ni nani ameelewa na ni nini alichoelewa.

Hatubezi kukariri. Jedwali la kuzidisha hukaririwa, tenzi hukaririwa, na aliyehifadhi ana akiba. Twasema akiba ni ya kutumiwa. Wala hatumlaumu mwalimu kwa wingi wa watoto asioupanga yeye. Twampendekezea mambo machache yasiyo na gharama. Mtoto akijibu, hata akijibu sawa, aulizwe: "Umejuaje?" Akikosea, aulizwe njia aliyopitia kabla ya kuambiwa alikofika. Kila siku kitegwe kitendawili kimoja, na majibu yote yapimwe kwa masharti, likiwemo lisilotarajiwa. Watoto wakipewa neno jipya, watafute ndugu zake. Na vile vijineno vidogo, "baadhi" na "kila," "ikiwa" na "basi," vichezewe kama kete za bao mpaka mkono uvizoee. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma insha hii nao wana wadogo zao nyumbani. Kwa hao, wao ndio wakubwa, na deni limekwisha kuwafikia.

Haya yote huanguka iwapo mtu mzima haogopi kitu zaidi ya kuonekana hajui. Hapo ndipo twapaswa kukumbuka mji. Mtoto anapouliza, ametutegea kitendawili. Tukijua, tujibu. Tusipojua, desturi yetu wenyewe imetupa maneno: "Mjukuu wangu, hapo umenishinda, nakupa mji." Mtoto aliyepewa mji na bibi yake hamdharau bibi. Amejifunza jambo ambalo wasomi wengi hufa bila kujifunza: kwamba kutojua ni mahali pa kuanzia safari, si pa kujificha.

Na sasa turudi njiani, kwa wale wawili tuliowaacha chini ya mwezi. Bibi yetu hakusoma elimu ya nyota. Amesimama, ametazama juu, akasema: "Hapo nakupa mji, mjukuu wangu. Lakini hebu tujaribu. Wewe nenda hatua ishirini kule kwenye mwembe, nami niende hatua ishirini huku nyuma. Tuone mwezi utamfuata nani." Wakaenda kila mtu upande wake. Mtoto akapiga kelele kwa furaha: "Bibi, umenifuata mimi!" Bibi akajibu kutoka gizani: "Na mimi pia umenifuata!" Mtoto akanyamaza, lakini ukimya huo haukuwa wa hofu. Mwezi ni mmoja. Yeye alikwenda huku, bibi akaenda kule. Kitu kimoja hakiwezi kufuata njia mbili zinazopishana. Akarudi mbio. "Bibi," akasema, "basi haumfuati mtu."

Mwanafunzi wa sekondari ataongeza kwamba mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,000, na kwamba mbele ya umbali huo hatua zetu ni kama si kitu. Ndiyo maana minazi iliyo karibu yaonekana kurudi nyuma, ilhali mwezi wakaa palepale. Hiyo ni elimu, nayo ina mahali pake na wakati wake. Lakini ile "basi" ya mtoto ilikuja kwanza, na hakupewa na mtu. Aliichuma mwenyewe, kwa sababu mtu mzima mmoja alikubali kusimama njiani usiku na kulipa deni kwa kiasi alichokuwa nacho.

Hiyo ndiyo njia ya tatu tuliyoiahidi. Haihitaji vitabu vingi. Yahitaji subira kidogo, na imani kwamba mtoto aulizaye hatuvunjii heshima, bali atuheshimu sana, maana hakuna atakaye jibu kwa mtu anayemdharau.